Wenyeji Waliojifunza Dengu

Paketi niliikuta juu ya moto. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa safi na kuwekwa darini jikoni kwa mama, katikati ya mahindi ya mbegu na maharagwe aliyoyachagua moja moja, na moshi ulikuwa ukiipitia kwa miezi mitatu. Nilipanda kistuli, nikaishusha, nikaishika kiganjani. Ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Mami," nikasema, "umewaua."

Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua hata uso. "Nimeua nani?"

Afadhali nieleze kwanza nani alikuwa amekufa. Mimi hufanya kazi katika maabara ya udongo mjini Nyeri. Ndani ya paketi ile mlikuwa na unga mweusi, na ndani ya unga walikuwamo bakteria hai, wengi kuliko watu wote wa milima yetu. Bakteria hawa huingia kwenye mizizi ya dengu, wakajijengea vinundu vidogo, wakakaa humo. Huko ndani hukamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Kila jamii ya kunde ina bakteria inaoelewana nao. Maharagwe ya Gakindu, kijijini kwetu, yana wenzao udongoni tangu zamani. Dengu hazikuwa na mtu.

Nazungumzia zile dengu kubwa za rangi ya mchanga, zenye ncha kama mdomo wa kifaranga, ambazo kwetu huitwa dengu za Wahindi. Miaka saba iliyopita, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la nafaka mjini Nyeri alinilalamikia kwamba hapati dengu mbichi zikiwa bado kwenye matawi, kama alivyozila utotoni. Nilinunua kilo mbili za mbegu, nikatafuta paketi ya bakteria, nikampelekea mama yangu. Kufumba na kufumbua akawa ndiye mkulima pekee wa dengu Gakindu nzima, na kila Agosti mwenye duka alikuwa akimpigia simu mwenyewe, wanaitana "mama, mama" kama ndugu waliopotezana.

Kila mwaka mimi ndiye niliyepeleka paketi, na kila mwaka niliifikisha siku ile ile ya kupanda. Mwaka huo niliona nitabanwa na kazi, nikaipeleka mapema. Nikamwambia mama, tena nakumbuka maneno yangu vizuri, "Hii itunze kama mbegu."

"Si ulisema ni kama mbegu?" aliniuliza sasa, kisu kikiwa kimesimama juu ya kiazi. "Mbegu inawekwa wapi? Kwa fridge?"

"Ndiyo, Mami! Kwa fridge!"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Atiriri! Ati mbegu kwa fridge. Nyinyi watu ya shule mtatumaliza."

Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, nimezirithi kwa baba pamoja na goti bovu, na siku hiyo nilikuwa na sababu. Shamba lenyewe lilikuwa hatarini, na mama alilijua hilo kama nilivyolijua.

Tumezaliwa wanne. Kaka yangu mkubwa anauza mabati na saruji Sagana, mimi niko Nyeri, wadogo wetu wawili wako mbali. Mama amepita miaka sabini. Mwaka uliotangulia alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba akavunjika kifundo cha mkono, na kaka akasema imetosha. Nusu eka ile iliyo chini ya nyumba, ambayo ndiyo pekee iliyobaki mkononi mwa mama, ipandwe maparachichi. Mti haudai mtu ainame. Tulijadiliana kwenye kundi letu la familia kwenye simu, tukakubaliana sote wanne: mama apewe msimu mmoja wa mwisho. Dengu zikikataa, maparachichi yaingie, naye apumzike.

Tulipomweleza, hakugombana. Alisema tu, "Mtu akipumzishwa, amekuwa mgeni kwake."

Kwa hiyo nilipoiona ile paketi iliyokaushwa kwa moshi, nilijua msimu umeisha kabla haujaanza. Na badala ya kunyamaza, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku najigeuza kitandani. Nilitoa simu hapo hapo jikoni nikaandika kwenye kundi: "Dengu za mwaka huu zimekufa kabla ya kupandwa." Kaka akajibu kwa kidole gumba. Jioni akatuma picha ya kitalu kimoja cha Sagana. Alikuwa ameshaagiza miche.

Mama alipanda hata hivyo. Nilimkuta akichanganya ule unga mfu na uji baridi mwepesi, kama nilivyomfundisha, ili ushike kwenye mbegu. Nikamwambia anajisumbua bure, hapo hamna kitu.

"Kama nimewaua," akasema, "wacha basi nikawazike vizuri."

Sikurudi Gakindu kwa wiki saba. Nilijiambia ni kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona dengu za mama yangu zikigeuka manjano, kwa sababu ndivyo zinavyokuwa zikikosa wenzao: majani ya chini yanaanza kupauka, kisha ya juu, mmea unadumaa umesimama. Niliposhuka hatimaye kupitia nyuma ya nyumba, nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumpoza.

Shamba lilikuwa kijani. Kijani kizito, cha kuringa, safu baada ya safu mpaka kwenye ua wa chini.

Nilichukua panga nikachimba mche mmoja taratibu, nikaukung'uta. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa na rangi ya waridi kama fizi za mtoto. Rangi hiyo ndiyo tunayoitafuta. Maana yake mle ndani kuna watu na wako kazini. Nikachimba wa pili, wa tatu, wa safu nyingine. Yote vile vile. Niliketi chini kwenye udongo mwekundu na suruali yangu ya kazini, na nakiri nilikuwa na furaha na uchungu kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa nimekosea mbele ya familia nzima.

Mama alikuwa amesimama juu yangu, mikono nyuma. Yeye ni mtu wa kanisa, na hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Wamefufuka?" akauliza. "Ni siku ya tatu?"

Kaka nilimpigia papo hapo. Alisikiliza, akakohoa. "Hiyo ni bahati," akasema. "Labda walibaki wachache wa miaka ile ingine. Si wewe mwenyewe ulituambia hawakai kwa udongo yetu, ni lazima kila mwaka paketi? Sasa mwaka ujao wakiisha? Niambie na sayansi, si na machozi."

Alikuwa na haki. Udongo wetu ni mchachu, na wageni wale wa paketi hawaupendi. Baada ya mavuno huwa wanapungua mpaka wanakwisha. Ikiwa waliokuwa mizizini walikuwa masalio, basi mama alikuwa ameponea msimu mmoja tu. Miche ya maparachichi ilikuwa inakuja na mvua za Oktoba. Tukakubaliana tungoje maabara yangu iseme.

Nilianza na paketi. Nilikuwa nimebakiza unga kidogo, nikautandaza kwenye sahani zetu zenye ule mchuzi ulioganda ambao bakteria huupenda, nikaziweka mahali pa joto la kadiri. Wiki ikapita. Ilimea kuvu tu. Mama alikuwa amewamaliza kweli, hata mmoja hakusalimika.

Kisha nikaosha vinundu, nikavisafisha kwa spiriti, nikavisaga, nikavitandaza kwenye sahani nyingine. Hapo ndipo usingizi ulipopungua. Bakteria wa paketi nawajua kwa sura: wanakuja polepole, vidoa vidogo vyeupe, vya adabu. Hawa walikuja siku ya tatu tu, wakubwa, wanang'aa, wanateleza kama uji uliomwagika mezani. Hawakuwa wageni wale hata kidogo. Na sura hiyo nilikuwa nimeiona. Nilifungua madaftari yangu ya zamani, nikawakuta: miaka saba nyuma, kabla ya dengu ya kwanza kupandwa, nilikuwa nimechota udongo wa shamba la mama kwa udadisi tu, na hawa walikuwamo. Wenyeji. Wakati ule niliwajaribu kwenye dengu wakaipita kama hawaioni, hata kinundu kimoja hawakujenga. Baadhi yao bado walikuwa wamelala kwenye friza letu.

Nikachukua wale wa zamani na hawa wa sasa, nikawapeleka Nairobi kwa rafiki niliyesoma naye, ambaye ana mashine ya kusoma jeni. Nilingoja majuma mengi. Mavuno ya Agosti yakaja, mazuri kupita yote, mwenye duka akataka nyongeza. Kaka alikuwa akiniandikia kila Jumapili, "Daktari, majibu?" Mimi si daktari. Ananiita hivyo akitaka kunichokoza.

Majibu yalipofika niliyasoma nimesimama. Miili ilikuwa ya wenyeji, wale wale wa daftari la zamani. Lakini ndani ya kila mmoja kulikuwa na kipande kirefu cha jeni ambacho hakikuwamo miaka saba nyuma, na kipande hicho kilikuwa cha wageni wa paketi, herufi kwa herufi: namna ya kuusalimu mzizi wa dengu, namna ya kufunguliwa mlango, namna ya kujenga kinundu na kukamata naitrojeni. Ufundi wote mzima ulikuwa umehama kutoka kwa mgeni ukaingia kwa mwenyeji.

Nimeishi na bakteria karibu miaka thelathini, na jambo hili nililifundishwa darasani. Lakini kulifundishwa ni kitu kimoja, na kulikuta limetendeka chini ya miguu ya mama yako ni kingine. Sisi binadamu hurithi kutoka juu kuja chini tu. Nimeshataja goti la baba. Hata ningekaa jirani na mwanariadha bingwa miaka hamsini, tukala chungu kimoja, goti ni lile lile. Bakteria hakubali ufukara huo. Yeye hurithi kwa wazazi, na bado huchukua kwa jirani.

Ana njia zake. Mwenzake akifa na kupasuka, jeni zake humwagika udongoni, na huyu akipita huokota kipande na kukijaribu. Wakati mwingine virusi wanaowaambukiza bakteria hubeba kipande cha huyu kwa bahati mbaya na kukidunga kwa yule. Na njia ninayoipenda kuliko zote, ambayo ndiyo iliyotumika Gakindu, ni ile ya wawili kukaribiana kabisa, mmoja akatoa kijidaraja chembamba, na nakala ya ule ufundi ikavuka. Nakala, nasema. Anayetoa hapungukiwi na kitu. Anabaki na wake vile vile. Na anayepokea hangoji watoto wake wazaliwe ndipo wafaidi. Anafaidi yeye mwenyewe, kisha anapogawanyika wanawe wanazaliwa nao.

Najua ujanja huu huu ndio unaowasumbua madaktari, kwa sababu vijidudu vya magonjwa hupeana kinga dhidi ya dawa kwa njia zile zile. Naogopa hilo kama kila mtu. Lakini siwezi kusema uongo: nilipoishika karatasi ile nilivutiwa mpaka nikacheka peke yangu. Wageni walikuja mwaka baada ya mwaka, udongo mchachu ukawaua mwaka baada ya mwaka, na katikati ya kufa kwao wakapata muda wa kuwafundisha wenyeji kazi. Wenyeji hawakuhitaji kuwa wageni. Waliendelea kuwa wao, wakavumilia uchachu wao na baridi yao ya Julai, na juu yake wakajua dengu.

Nilikwenda Gakindu Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mlima na hewa ilinukia mvua. Kaka alikuwa amefika kabla yangu. Pikapu yake ilikuwa imesimama uani imejaa miche ya maparachichi, naye alikuwa shambani na kamba, amekwishapiga vigingi safu mbili. Mama alikuwa upande wa pili wa shamba lile lile, na jembe, anatayarisha mistari ya maharagwe kana kwamba vigingi havimhusu.

Niliwaita wote wawili kwenye ua wa chini, nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikitumia mikono. Nilianza kwa kusema kwamba kosa la paketi lilikuwa langu, si la mama, na kwamba ujumbe ule wa kwenye kundi sikupaswa kuuandika. Kisha nikasema kuhusu wenyeji.

Kaka ni mfanyabiashara, akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. "Kwa hivyo mwaka ujao, bila paketi?"

"Bila paketi."

"Na ile ingine?"

"Vile vile. Hawa ni wa hapa, hawaendi popote. Udongo wenyewe sasa unajua dengu."

Alitazama vigingi, akatazama pikapu. Nilimwona akihesabu safari ya kurudi Sagana na miche yote ile. "Haya," akasema, na kaka yangu ana moyo mzuri akishindwa. "Hizi nitapanda kwangu. Mami, nimeshindwa na vidudu." Akaanza kung'oa vigingi vyake kimoja kimoja, akivigonga kwenye kiatu kuondoa udongo.

Nilidhani mama angefurahi. Nilikuwa nimengoja wiki nyingi kuuona uso wake dakika hiyo. Lakini alikuwa bado ameegemea jembe, anafikiria.

"Hao wa paketi," akaniuliza, "walikufa wote?"

"Karibu wote, Mami. Kila mwaka."

"Lakini walikuwa wamefundisha."

"Walikuwa wamefundisha."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi niko na watoto wanne," akasema. "Mmoja anajua mabati. Mmoja anajua vidudu. Wale wawili sijui wanajua nini, lakini wanalipwa. Hakuna hata mmoja anajua ni siku gani unapanda, udongo ikiwa namna gani. Mkasema nipumzike." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mlidhani napigania shamba. Shamba nitaenda nayo wapi? Nilikuwa natafuta mtu wa kuachia hii kazi, na nyinyi mnaniletea miti."

Kaka alikuwa amesimama na vigingi mkononi. Mimi nililia, na sikujificha. Nimechota udongo wa watu wa Kangema na wa Sagana na wa kila mahali kuzunguka mlima, nikawaandikia ripoti za kile kilichomo, na sijawahi kupanda mstari mmoja wa maharagwe ukaota sawa. Nina miaka hamsini na miwili. Mama yangu alikuwa hapo muda wote huo.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Leo?"

"Leo."

"Na Jumatatu uko kazini. Hii si ya siku moja."

"Jumatatu itajijua."

Alinitazama, akitafuta kama nasema kweli au ni machozi tu. Kisha akanipa jembe lake. Kaka aliweka vigingi chini, akaja akasimama karibu yangu, mikono mitupu, kama anayengoja zamu.

"Shika hapa," mama akasema. Akaushika mkono wangu akausogeza kwenye mpini. "Si hapo. Hapa, chini."